Amana ya Kalamazoo

Kazi ya kutengeneza magitaa niliianzia Tanga, katika karakana ya seremala aliyeunda milango na vitanda mchana na kuwatengenezea wanamuziki ala zao jioni, zama ambazo bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa zikigombea mapenzi ya wenyeji, na ala aghalabu zilikuwa mali ya bendi wala si za mpigaji, hata mtu aliweza kusifiwa kwa besi siku ayami bila ya kumiliki uzi mmoja. Gitaa lililopigwa usiku kucha, likapakiwa juu ya lori na kupokezanwa mikono, halikuletwa kwetu lipambwe. Lililetwa liseme tena kabla ya magharibi, nasi tulilifunga kwa gundi na waya wowote uliopatikana. Siionei haya kazi ile, maana iliwachezesha watu. Walakini ilinizoeza kuitazama ala kwa swali moja tu, nalo ni: imeharibika wapi?

Majaaliwa yakanifikisha London, nikaajiriwa katika chumba cha chini cha duka mojawapo la Denmark Street, mtaa uliokuwa maskani ya wachapishaji wa nyimbo na wauzaji wa ala. Hapo ndipo siku moja lilipowekwa mezani pangu gitaa la besi la Epiphone, aina ya Rivoli, ambalo halikuwa limeharibika popote.

Gitaa la aina hiyo, ambalo vijana wa Uingereza walilifahamu mikononi mwa Chas Chandler wa kundi la The Animals, lilikuwa mtoto wa Marekani. Kampuni ya Gibson iliipata Epiphone mwaka 1957, na tangu 1959 ikaunda Rivoli katika kiwanda chake cha Kalamazoo, jimbo la Michigan, kwa kiasi na umbo la besi yake yenyewe ya EB-2, iliyotoka mwaka 1958. Kifua chake kina upana wa inchi 16, na unene wake hautimii inchi 2. Mbavu zake ni tupu, zimetobolewa matundu mawili ya herufi f, ilhali katikati, tangu shingo hadi mkiani, limepitishiwa gogo la mti wa mepo. Gitaa lililo tupu lote, likikabiliana na amplifaya yenye nguvu, hutetemeshwa na sauti yake lenyewe hata likapiga yowe. Gogo hilo huutuliza mtetemo huo na kuufanya uzi uvume kwa muda mrefu zaidi, na uwazi wa pande mbili huipa sauti pumzi ambayo ubao mzima hauna. Fauka ya hayo, urefu wa uzi wake ni inchi 30.5, ambapo besi ya Fender ina 34, basi uzi hulegea kidogo chini ya kidole na noti hutoka nene, ya duara, isiyo na makali. Wapo wanaoilaumu sauti hiyo kwamba ina ukungu. Mimi naipenda kwa dhati, kwa kuwa katika dansi besi haitakiwi kushindana na solo, hutakiwa kuibeba.

Mwenye gitaa alikuwa amelipiga kwenye kumbi za dansi, kisha akalilaza katika sanduku lake kabatini, mbali na jua na mbali na radieta. Nililimulika kwa taa ya urujuanimno, na vanishi yake ya nitroselulosi ikang'aa rangi ya kimanjano-kijani kote, pasipo kile kiraka cheusi kinachofichua rangi iliyopakwa baadaye. Nilipokichomoa kidhibiti cha sauti, nilikuta mgongoni mwake tarakimu 137, ambazo ni alama ya kiwanda cha CTS, zikifuatwa na za mwaka 1964 na za wiki yake. Jambo hilo lilithibitisha kwamba gitaa halikukamilika kabla ya wiki hiyo. Lehemu ilikuwa bado inang'aa, haijayeyushwa mara ya pili. Hata kile kitufe cha kupunguza uzito wa sauti, ambacho wapigaji wengi walikiona hakina faida wakaking'oa, kilikuwa mahali pake.

Mkuu wa duka akaniagiza nibadilishe vidhibiti, kwa kuwa vilikuwa vinakwaruza, na niisugue vanishi hadi zipotee nyufa zake, nyembamba kama utando wa buibui. Nilikataa kwa adabu, nikamweleza sababu. Nyufa zile huzaliwa na baridi, kwani vanishi na mti havisinyai kwa kiasi kimoja. Kuzifuta ni kuondoa vanishi yenyewe, na ikishaondoka hairudishiki. Mkwaruzo nao ulikuwa uchafu mtupu: dawa kidogo ya kusafishia umeme, kidhibiti kikazungushwa huku na huku, sauti ikatakata. Fundi aliyezoea kutenda huona uzito mkubwa kuuzuia mkono wake, nami nakiri kwamba katika maisha yangu yote ya kazi hakuna ustadi uliohitaji insafu zaidi ya huo. Tena sikubaliani na matajiri wanaoamini kwamba ala ya zamani hutunzwa kwa kunyamazishwa.

Nilibadilisha nyuzi tu, nikaweka nyingine zilizobapa, nikakaza robo mzunguko ule mtaimbo wa chuma uliomo ndani ya shingo, nikaandika kwenye karatasi kila nilichokigusa, na karatasi hiyo nikaiweka sandukuni pamoja na nyuzi kuukuu.

Aliyelinunua alikuwa mpiga besi wa bendi ya harusi, si mkusanyaji, nami nilifurahi waziwazi. Nilimwusia asilisimamishe kwenye stendi yenye mpira, maana mpira huila vanishi ya namna ile, na alilete tena baridi itakapoanza niikague shingo. Alilileta, limejaa jasho na harufu ya sigara, likiwa limepigwa kila Jumamosi.