Kama Ndiyo, Eleza

Mpwa wangu alishuka stendi ya Masasi saa tano asubuhi, begi mgongoni, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Alikuwa ametoka Newala alfajiri. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na kanga aliyojitanda ilikuwa na madoa ya mabibo ambayo sabuni haiyawezi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Fomu umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo. Kuna swali moja tu sijalijaza."

Kwetu uwandani, uwe Mmakonde, Mmakua au Myao, mtoto ni wa upande wa mama, na jambo likiwa zito anaitwa mjomba. Basi sikushangaa. Nilishangaa nilipoliona swali lenyewe, kwa sababu nililifahamu.

Huku kwetu, anayeomba kusoma sheria chuo kikuu haandiki barua ya kujieleza kama waombaji wa Marekani wanavyofanya. Hakuna anayetaka kujua umepitia nini. Alama zako za kidato cha sita ndizo zinazosema, na jina likitoka, limetoka. Swali huja baadaye, ndani ya karatasi za kujiunga, kwenye fomu ya afya inayojazwa na mwanafunzi na daktari: macho, kifua, damu, kifafa. Kisha hili, ambalo kwa Kiswahili ni hivi: umewahi kuugua ugonjwa wowote wa akili? Ndiyo, Hapana. Chini yake: kama ndiyo, eleza. Nafasi ya kuelezea ni mstari mmoja na nusu.

Binti huyu aliugua sonona akiwa kidato cha tano. Alirudishwa nyumbani kutoka bweni, akatibiwa, akarudi, akafaulu, akachaguliwa kusoma sheria. Mama yake, dada yangu, alishampa jibu kabla hajapanda gari: andika Hapana, nani atajua?

Mimi niliandika Hapana. Mwaka ulikuwa 2008, na daktari hakuniangalia hata usoni. "Hamna tatizo lolote, eti?" Nikasema hamna. Akagonga muhuri. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimelala miezi mitatu nyumbani Newala, uso umeelekea ukutani. Shida ya maji ya Newala mnaijua. Mama alikuwa anapanga foleni bombani, anarudi na ndoo moja kichwani, na katika ndoo hiyo anatenga ya kuniogesha, mtu mzima mwenye ndevu. Dada yangu alikuwa ameshaolewa mbali, na mama hakutaka maneno yatoke nje ya ua, hata kwake. Wajomba zangu walikaa kikao. Mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema ninawaza sana. Tulizunguka kwa waganga wawili kabla ya kufika kliniki, ambako nilipewa dawa ya amitriptilini. Ilinikausha kinywa kama nimelamba majivu, lakini wiki ya tano niliamka nikajichotea maji mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena nyeupe. Hakuna aliyeugundua uongo wangu, na sidhani kama ile fomu iliwahi kufunguliwa na mtu. Shida ni kwamba ile Hapana ilitaka kulindwa. Niliacha dawa kwa sababu wenzangu wa chumbani wangeziona. Mwaka wa pili ugonjwa uliporudi, nikashindwa kuinuka kwenda kwenye jaribio, nikasema nina malaria. Malaria ni ugonjwa wenye heshima, hakuna anayekuuliza maswali. Muhula ule niliugua malaria mara tatu. Kanuni za chuo zilimruhusu mgonjwa mwenye barua ya daktari kuahirisha mitihani, na haki hiyo nilikuwa nayo kama mtu mwingine yeyote, ila kuitumia kulitaka niseme nilichokwisha kukikana kwa sahihi yangu. Wenzangu walikuwa wanaogopa supu, yaani mtihani wa marudio, na kukeri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata. Mimi nilirudia mwaka mzima. Nyumbani nikasema ni mambo ya ada.

Ajabu ni kwamba muda wote huo nilikuwa nasoma sheria, na sheria ilikuwa inazungumza juu yangu. Katiba yetu, Ibara ya 5, inautaja ugonjwa wa akili katika orodha ya sababu zinazoweza kumzuia raia kupiga kura, orodha moja na waliotiwa hatiani kwa makosa fulani. Darasa la makosa ya jinai tulifika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Nyuma yangu mtu akacheka, akasema huyo apelekwe Mirembe. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927 inatibu watu, lakini midomoni mwetu imebaki kuwa tusi. Nilijiinamia nikaandika namba ya kifungu mara mbili. Januari 2025 niliposoma kwamba Mahakama Kuu ya Kenya imekitangaza kifungu cha kwao kama hicho kuwa kinyume cha katiba, niliikumbuka ile kalamu mkononi.

Hata hivyo, masomo hayo hayo ya sheria ndiyo yaliyonipa sentensi ya kwanza iliyonitendea haki. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 12, inasema mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini kuna nyakati anakuwa nayo, anaweza kufunga mkataba katika nyakati hizo. Inajua kwamba ugonjwa huja na kuondoka, na kwamba kinachoulizwa ni hali ya mtu siku ya kazi. Fomu ya chuo haijafika huko. Kwake yeye ni Ndiyo au Hapana, milele.

Hayo nilimweleza mpwa wangu tukila ugali na kisamvu. Hakuvutiwa sana na kifungu cha 12. Alitaka kujua jambo moja: "Wakiniondoa?"

Nikamwambia kuna Mmarekani anaitwa Elyn Saks, mgonjwa wa skizofrenia, ambaye alilazwa akiwa mwanafunzi wa sheria pale Yale, akakatiza masomo, akarudi akamaliza, akawa profesa wa sheria California. Kitabu cha maisha yake alikitoa 2007.

"Akiwa tayari profesa," alisema.

"Akiwa tayari profesa."

Akanyamaza, na nikaona alichokiona. Wanaosema kwa sauti kubwa ni wale ambao mkate wao hauwezi tena kuguswa. Sikumbishia. Nikaongeza tu kwamba huko huko Marekani, mwaka 2014, Wizara ya Sheria ilifikia makubaliano na Mahakama ya Juu ya Louisiana baada ya waombaji wa uwakili kuchimbwa mno kuhusu maradhi yao ya akili. Hoja ilikuwa kwamba mtu apimwe kwa mwenendo wake, siyo kwa jina la ugonjwa alioandikiwa na daktari.

"Na hiyo fomu nani ataisoma?"

Hapo nilimtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayoziweka habari za afya katika taarifa nyeti. Lakini kabati la faili hufungwa na mtu, si na sheria, na sikutaka kumdanganya. Ndiyo maana tulianza na yale ambayo hayatakwenda kabatini. Nilichukua stakabadhi ya zamani ya korosho, nikaigeuza nyuma, tukaandika kwa penseli. Ugomvi wa nyumbani uliotangulia ugonjwa, tukaufuta. Waganga, tukafuta. Maneno ya matroni, tukafuta. Hayo ni ya kumwambia mtu mwenye uso, siku atakayompata. Kwa mstari mmoja na nusu ilibaki hivi: aliugua sonona, alitibiwa miezi minane, yuko kwenye dawa, anahitaji kliniki mara moja kwa mwezi. Akasoma kwa sauti. Akasema, "Mbona kafupi hivi?" kisha akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke.

Kesho yake daktari, kijana mdogo, aliisoma ile stakabadhi pande zote mbili, hadi kilo za korosho. Alinakili maneno yetu kwenye fomu karibu yote. Halafu akauliza swali ambalo fomu haikuwa nalo: "Dawa za mwezi wa kwanza unazo? Ukifika, nani atakuandikia nyingine?" Akamwandikia barua ya rufaa kwenda kliniki ya huko chuoni, akaibana kwa pini nyuma ya fomu.

Tulipotoka nje simu yangu ikaita. Dada.

"Ameandika Hapana?"

"Ameandika Ndiyo."

Alipandisha hasira. Alisema mimi sina mtoto wa kike ndiyo maana nachezea wa mwenzangu, alisema nani atamwoa, alisema mwanasheria mzima sijui hata kulinda ukoo. Mpwa wangu alisimama kando anasikia kila neno, bahasha kifuani.

"Dada," nikamwambia, "tafuta mahali ukae. Ule mwaka niliorudia chuoni, haikuwa ada."