Maana Mbili za Kuhifadhi
Neno kuhifadhi lina maana mbili: kumkinga mtu, na kuweka maneno moyoni. Jirani yetu wa Keko, mjane aliyetoka Uvira, aliijua ile ya pili tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mwomba hifadhi akae katika eneo lililotengwa, kama Nyarugusu, Kigoma; kutoka huko bila kibali ni kosa. Alipougua, aliogopa kwenda zahanati, asije akaulizwa atokako. Usiku, randa za maseremala zikitulia, aliwaimbia wanawe nyimbo za kwao alizozihifadhi. Nami, niliyejiita mpenzi wa Kiswahili, siku moja niliicheka lafudhi yake. Hakuzungumza nami tena. Lugha nayo ni hifadhi; mimi ndiye niliyemfungia mlango.