Kwa Baiskeli Juu ya Mchanga

Labda unaishi mbali na bahari. Leo twende pamoja Unguja, pwani ya mashariki. Tutapanda baiskeli kutoka Jambiani hadi Bwejuu. Ni safari ya kama kilomita 10. Barabara ya lami ipo, nyuma ya vijiji. Lakini watu wengi hupita ufukweni, kwa sababu kazi zao ziko huko. Utawaona kina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho kilianza hapa mwaka 1989. Usipite juu ya vigingi vyao.

Utauliza, baiskeli itapitaje mchangani? Itapita, kama unayajua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Hujaa kama saa 10 jioni. Ikipwa huacha mchanga wenye unyevu. Unyevu huo hushikanisha punje za mchanga, na tairi hupita kama kwenye sakafu. Juu, karibu na minazi, mchanga ni mkavu na tifutifu. Hapo tairi jembamba huzama kama kisu. Punguza upepo kidogo, tairi litalala bapa. Usipunguze mno, tiubu itakatika kwenye vali. Mimi nimeshakata mbili.

Mwezi mmoja wa Januari nilibeba kapu la pweza. Pweza hutafutwa miambani, maji yakiwa yamepwa. Wavuvi wakirudi, bahari nayo inarudi. Kwa hiyo mchukuzi wa pweza hushindana na maji. Siku ile nilikaa mno nikipatana bei. Niliondoka saa 7 mchana. Upepo wa kaskazi ulinipiga usoni. Kabla ya kufika Paje, maji yalikuwa yamefunika mchanga wote mgumu. Kushoto kwangu ulikuwa ukuta wa hoteli, mrefu, hauna mlango. Nikashuka, nikasukuma. Jua lilikuwa kali. Inzi walijaa kwenye kapu.

Nyuma yangu akaja kijana juu ya baiskeli yenye matairi manene kama ya pikipiki.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita. Baiskeli za namna hiyo zilitumika Alaska, Marekani, kupita juu ya theluji. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilianza kuuza baiskeli iitwayo Pugsley, yenye matairi ya upana wa zaidi ya sentimita 9. Tairi pana lenye upepo kidogo hutandaza uzito, halizami upesi. Ni nzito, na kwenye lami huchosha miguu. Lakini siku ile niliitamani.

Nilipofika Paje nikaingia barabarani. Bwejuu nilifika saa 10. Mnunuzi alimbonyeza pweza mmoja, akamnusa, akakata bei. Sikubishana naye. Niliosha baiskeli kwa maji baridi, kwa maana chumvi hula mnyororo. Kisha nikapaka mafuta, nikasubiri.

Saa 3 usiku maji yalikuwa yamepwa tena. Mwezi ulikuwa mpevu, na kaskazi ilinisukuma mgongoni. Ule ukuta wa hoteli niliupita bila kushuka.