Bahasha ya Mjane

Mjane wa askari mmoja, akirejea Entebbe kwa ndege kutoka Nairobi, hakuthubutu kutia sandukuni bahasha yenye hati za malipo ya marehemu mumewe. Aliipakata, chai ilipoletwa akaitia katika mfuko wa kiti cha mbele, na huko ikabaki.

Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka. Karo ya watoto ilitegemea bahasha ile. Kwa bahati alikuwa hajakitupa kipande cha tiketi, chenye namba ya safari na ya kiti. Alirudi uwanjani jioni ile ile. Wasafishaji wa ndege walikuwa wameiokota. Karani alimwuliza majina yaliyomo. Akayataja, akatia sahihi, akakabidhiwa.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mjane lilikuwa kipande kile.