Tulipopunguza Alama Sita

Katika Injili ya Matayo, sura ya 13, yupo mfanyabiashara anayeuza yote aliyo nayo ili anunue lulu moja. Wachache kati yetu wanajua kwamba ipo lugha ya kompyuta iliyopata jina lake katika mfano huo. Larry Wall, Mkristo wa Marekani aliyesomea isimu akikusudia kwenda na mke wake kutafsiri Biblia, aliitoa mwaka 1987. Alitaka iitwe Pearl, yaani lulu. Lakini lugha nyingine ilikuwa na jina hilo tayari, akaondoa herufi moja, ikabaki Perl.

Waliomfuata hawakuchoka kuondoa. Walianzisha mchezo wakauita gofu: kama vile katika gofu anashinda apigaye mpira mara chache, hapa anashinda aandikaye programu ifanyayo kazi iliyoagizwa kwa alama chache kuliko wenzake. Hata nafasi tupu huhesabiwa. Perl inaufaa mchezo huo kwa sababu inakubali mengi yasitajwe: kitu kinachoshughulikiwa huweza kuachwa bila jina, na mashine ikaelewa. Sisi tusemao Kiswahili tusishangae. Tukisema «nimekiona», kitabu hakikutajwa, lakini «ki» imetosha.

Kijana wetu ndiye aliyetuingiza katika mchezo huo, nasi tuliupenda kupita kiasi. Chuo cha ualimu kilitufundisha kurudia jambo mara tatu ili mwanafunzi wa nyuma asikie; hapa tulisifiwa kwa kunyamaza. Kila alama tuliiuliza: wewe unafanya kazi gani? Swali hilo likahamia hata katika mafundisho yetu ya Jumapili, yakapungua karibu nusu, wala hakuna aliyelalamika.

Tulikuwa na programu ndogo ya wakatekumeni. Katika daftari, mbele ya kila jina, iliandikwa idadi ya siku ambazo mtu hakufika. Aliyeacha mafundisho, mahali pake paliachwa wazi. Programu ilikuwa ikiambiwa: andika jina, ikiwa mahali pa idadi si patupu. Tukaifupisha: andika jina, ikiwa idadi ipo. Tuliokoa alama sita. Tuliijaribu kwa majina matano, yakatoka matano, tukalala tumeridhika.

Jumatano ya Juma Kuu, orodha ya watakaobatizwa katika mkesha wa Pasaka ilibandikwa mlangoni mwa kanisa. Jioni mama mmoja akaja nyumbani na binti yake.

«Mwalimu,» akasema, «mtoto wangu amekosa nini?»

Tukafungua daftari. Mbele ya jina la binti palikuwa na sifuri. Hakuwa amekosa hata siku moja, naye hutembea mwendo mrefu kuja. Sasa Perl, ikiulizwa tu kama kitu kipo, huihesabu sifuri kuwa si kitu, sawasawa na mahali patupu. Aliyekosa mara saba alikuwemo katika orodha. Walioachwa ni wale waliofika siku zote, na walikuwa wanne.

«Hakukosa, Mama,» tukajibu. «Tumekosa sisi.» Binti aliendelea kutazama miguu yake. Sijui yetu, ya kompyuta na sifuri, ingemsaidia nini? Hatukuieleza. Tuliandika majina manne kwa mkono, na asubuhi na mapema tukampelekea Baba Paroko, ambaye aliyasoma kwa sauti, moja moja, akayaongeza.

Zile alama sita tulizirudisha. Juu yake tukaandika maelezo kwa Kiswahili kuhusu maana ya sifuri, mistari mitatu ambayo mashine huiruka bila kuisoma, mirefu kuliko programu yenyewe. Kijana wetu alipoiona alicheka, akasema kwamba kwa gofu tumeshindwa vibaya. Tungali tunacheza naye jioni, umeme ukiwapo, na mara moja moja tunamshinda. Ila faili la wakatekumeni hatumruhusu kuligusa.