Shahamu ya Ndafu: Safari Yangu ya Kwanza Kampala

Basi lilituchukua Bukoba kungali giza, na jua lilipopanda tulikuwa Mutukula tukigongewa mihuri. Lukaya, wachuuzi walivamia madirisha na mishikaki na gonja za kuchoma, nami nikanunua vyote viwili. Kayabwe tukavuka Ikweta. Baada ya Mpigi foleni ikaanza, na ghafla Kampala ikawa imetuzunguka: vilima, vumbi, bodaboda zikipenya kila uchochoro.

Sikwenda kutembea tu. Nafuga mbuzi, na tangu utotoni nimeona mabeberu wakihasiwa ili wawe ndafu. Kwamba hunona, kila mfugaji anajua. Kwa nini hunona, sikuwahi kuelezwa nikaridhika. Mwenyeji wangu, daktari wa mifugo aliyesomea Makerere, aliahidi kunieleza, ila kwanza nijionee.

Asubuhi tukaenda machinjioni, barabara ya Old Port Bell. Mbuzi wawili wa umri unaokaribiana walikuwa wametundikwa jirani, beberu na ndafu. Beberu alikuwa na shingo nene na mabega yaliyojaa, na figo zake zilionekana nusu wazi. Za ndafu hazikuonekana kabisa. Daktari alizamisha vidole viwili katika shahamu nyeupe, vikaenda hadi kiungo cha pili ndipo vikagusa figo.

"Usidhani huyu alikuwa mlafi, mzee," akaniambia.

Akaeleza. Korodani hutoa testosteroni, homoni inayouhimiza mwili kujenga misuli na kuzizuia seli za mafuta zisijaze akiba kupita kiasi. Ikikosekana, lishe ileile huishia zaidi kwenye shahamu. Tena mnyama hutulia, hagombani wala hakimbizani na majike, basi nguvu anayotumia kwa siku hupungua. Ndiyo maana beberu hukua upesi kuliko ndafu kwa majani yaleyale, ingawa nyama yake ni kavu na ina harufu.

Jambo lenyewe lina historia. Mwaka 1849, Arnold Berthold wa Göttingen aliwahasi majogoo wachanga, kisha baadhi yao akawapandikizia korodani tumboni. Hao waliota undu, wakawika na kupigana kama kawaida. Wenzao hawakufanya hivyo. Akatambua kwamba korodani hupeleka kitu kupitia damu. Kitu hicho kilipewa jina la testosteroni mwaka 1935.

Lililonishangaza zaidi linatoka Japani. Kule walizalisha panya madume ambao miili yao haiwezi kuipokea homoni hiyo. Walipokomaa wakanenepa, ingawa hawakula kuwazidi wenzao. Na mwaka 2016 watafiti wengine wa huko walionyesha kuwa panya waliohasiwa na kulishwa vyakula vya mafuta mengi huota kitambi, lakini wakipewa antibiotiki zinazoua bakteria wa utumbo, kitambi hicho hakitokei. Kumbe hata vijidudu vya tumboni vina mkono wao! Nimefuga miaka yote hii nikidhani yote ni suala la pumba na majani.

Jioni tulipita kwa mteja wake huko Muyenga. Mbwa wao dume, aliyehasiwa akiwa mdogo, alikuja kutulaki kwa taabu, akalala kabla hajatufikia. Mama mwenye nyumba alilalamika kwamba chakula hajaongeza hata kidogo, ni sahani ileile ya posho na maini tangu zamani. Alisema kweli, na tatizo lilikuwa hapohapo: mahitaji ya mbwa yalishuka, sahani haikushuka. Daktari aliushika mkono wake akauweka ubavuni mwa mbwa, akamwambia atafute mbavu. Hakuzipata.

Ndugu msomaji, kuhasi si kosa, na kwa mbwa wanaozagaa mitaani ni jambo la busara. Lakini ukishamhasi mnyama usiyemfuga kwa ajili ya kuchinja, punguza chakula chake mapema, mtembeze kila siku, na kila wiki pitisha vidole ubavuni. Mbavu zisipopapasika, punguza tena, na mwone daktari wa mifugo.