Mchele wa Mtume

Siku ile daladala ya Makumbusho kwenda Bagamoyo haikubeba abiria peke yao. Mama aliyekaa dirishani alipakata ndoo ya samli. Chini ya viti kulikuwa na mifuko ya mchele, na nyuma kabisa vijana wawili wenye kofia za viua walikuwa wameegemea jamvi lililokunjwa, wakilinda dufu zilizofungwa ndani yake. Kondakta alipotaka nauli ya mizigo, mama wa samli alimtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, huu mchele wa Mtume. Utautoza nauli wewe?" Gari zima likacheka, kondakta naye akacheka, na habari ya nauli ikaishia pale Mwenge.

Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Serikali hutoa mapumziko siku ya Maulidi yenyewe, na BAKWATA hufanya sherehe yake ya kitaifa katika mkoa mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Lakini watu wa pwani hawasomi siku moja wakamaliza. Husoma mwezi mzima na kuupita, mtaa huu leo, kijiji kile Alhamisi ijayo, madrasa ile wiki ya pili yake, wakipishana kwa makusudi ili wapate kualikana. Asiyejua utaratibu huo hudhani watu hawa hawana kazi. Ukweli ni kwamba hii ndiyo kazi.

Njia ya kwenda huko imebadilika. Tegeta na Bunju zimekwisha kuwa mji. Mapinga, Kerege na Zinga, ambako zamani ulikuwa ukiona minazi, mikorosho na mwanamke mmoja na ndoo yake ya maembe, sasa kuna kuta za matofali zinazozunguka viwanja vitupu, na juu ya kuta maandishi ya rangi nyekundu kwamba eneo hili haliuzwi. Habari ya bandari kubwa ya Mbegani, iliyotiwa saini mwaka 2013 na hata leo haijapokea meli, iliwafanya wengi wauze mapema. Nataja jambo hili kwa sababu waliouza ndio hao waliokuwa wamejaa ndani ya daladala. Wanaishi Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni, na kwa mwaka mara moja hurudi kulala katika nyumba ya ndugu ambaye hakuuza.

Nyumba niliyofikia mimi ni ya namna hiyo. Ni ya shangazi yake rafiki yangu, kwa hiyo ni shangazi yangu. Imo mtaa wa Magomeni wa hapo hapo Bagamoyo, ina ukumbi wa katikati wenye vyumba huku na huku, na ua wa nyuma mkubwa kuliko nyumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na tumbo au umekuja na mikono?"

Kabla sijajibu nilikuwa nimekwisha kukalishwa mbele ya karai la vitunguu. Kazi ya ua ule ina mpaka. Wanawake huchambua mchele, humenya thomu, hukuna nazi za mikate ya asubuhi na huendesha mazungumzo. Pilau ni ya wanaume. Sufuria nne zilikuwa zimepandishwa juu ya mafiga ya matofali, na mpishi mkuu, mzee mwembamba aliyevaa msuli na singlendi, alikuwa anazizunguka akiwa ameshika mwiko mrefu kama kasia. Hakuna aliyembishia neno. Mgeni mmoja kutoka mjini aliuliza kwa nini asitumie jiko la gesi. Mzee hakumjibu, alimpa shoka akamwonyesha kuni.

Nyama ilichemshwa kwanza, supu ikawekwa kando. Vitunguu vilikaangwa mpaka vikawa na rangi ya kahawa, maana hiyo ndiyo rangi ya pilau yenyewe. Anayetia rangi ya dukani huku huchekwa mpaka mwakani. Kisha thomu na tangawizi, halafu binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, harufu ikapanda, na watoto waliokuwa wanacheza mpira barabarani wakaanza kupita uani bila sababu. Mchele ulipokaribia kukauka, mzee aliuchota moto kwa bati akaupalia juu ya mifuniko, akakaa chini. "Sasa mwachieni Mungu," alisema, akaomba kahawa.

Penye kivuli cha mwembe kulikuwa na binti mwenye daftari la shule. Ndani yake kila mchango una mstari: mbuzi mmoja kutoka Kariakoo, mchele kilo ishirini kutoka Kiromo, shilingi elfu hamsini zilizotumwa kwa simu kutoka Muscat na mtu ambaye, nilivyoambiwa, hajakanyaga Bagamoyo kwa miaka mingi lakini mstari wake haujawahi kukosekana. Kuna kundi la WhatsApp pia, lenye picha za maua na dua ndefu. Shangazi haliamini. Kundi, alisema, linafutika. Daftari analiweka sandukuni pamoja na hati ya nyumba.

Upande mwingine wa ua kulikuwa na vita ya maneno. Bwana mmoja Mnyamwezi aliyeoa katika ukoo huu alikuwa anadai apewe ukoko wa sufuria zote nne, kwa hoja kwamba babu zake waliibeba Bagamoyo hii begani na Wazaramo walikaa wakila ushuru. Alijibiwa kwamba babu zake wenyewe walikuja kula, na yeye kazi yake ni kuendeleza. Utani huu una umri wa njia ya misafara yenyewe. Pembe za ndovu zilikwisha zamani, lakini mjukuu wa mpagazi bado anadai ujira wake kwa wenyeji, na wenyeji bado wanamlipa kwa ukoko.

Maulidi ya Bagamoyo hayaelezeki bila jina la Sheikh Ramiya. Yahya bin Abdallah, ndilo jina lake, aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akalelewa katika nyumba ya ukoo wa Lamki, Waarabu wenye mashamba na madaraka. Alifanya biashara, akasoma, akawa mwalimu, akawa khalifa wa tarika ya Kadiriya. Mwaka 1916 Waingereza walipoushika mji, walimfanya liwali. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, maana yake aliyeletwa kwa minyororo alikaa kiti cha liwali miaka sita kabla sheria haijatamka kwamba minyororo ni kosa. Alifariki mwaka 1931 na mwanawe Muhammad akaendeleza tarika na maulidi yake. Mwanazuoni wa Kimarekani, August Nimtz, alitoa kitabu kizima juu ya habari hizi mwaka 1980, na hadi leo ni vigumu kukipata katika mji kinaouzungumzia.

Upande wa pili wa mji ndiko walikojenga mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwawekea kijiji, wengi wao wakiwa wametokea bara lile lile alikotokea Yahya. Mwaka 2018 Wakatoliki wa nchi nzima walimiminika hapo kwa jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, na hadi leo mabasi ya mahujaji huingia na kwaya zikiimba madirishani. Na kuna Tamasha la Bagamoyo lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa Chuo cha Sanaa ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Huko ndiko alikofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003 na kuacha ukoo mzima wa wanamuziki ufukweni, mbali na vumbi la Dodoma. Nalipenda Tamasha. Lakini lina jukwaa, bajeti na wafadhili, na anayekwenda huko hukaa kwenye kiti akatazama. Mimi nilikuwa nimenusa vitunguu mpaka machozi yananitoka.

Baada ya Isha ilitoka zafa. Bendera za kijani na nyekundu mbele, watoto wa madrasa nyuma yao kwa sare, dufu zikijibizana, bodaboda zimepaki pembeni na wenyewe wamevua kofia za chuma. Uwanjani mikeka na majamvi yalikuwa yametandikwa chini ya turubai, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, vyetezo vikipita na ubani. Barzanji ilisomwa kwa zamu, mlango baada ya mlango, vijana wakiwapokea wazee, na kila msomaji mwenye sauti alilipwa kwa "Allah" ndefu kutoka kwenye kundi. Walipofika mahali pa kuzaliwa kwa Mtume watu wote walisimama, marashi yakanyunyizwa vichwani, na upande wa wanawake vigelegele vilipasua turubai. Mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwangu aliamka, akanusa, akalala tena.

Zikri ilikuja saa saba ya usiku. Wanaume walishikana mikono wakafanya duara, wakainama na kuinuka kwa pamoja, kwanza polepole, jina la Mungu likitamkwa kwa ulimi, kisha kwa koo, mwisho kwa pumzi tupu ya kifuani. Mpishi wetu alikuwemo. Sijui alipata wapi kanzu nyeupe kiasi kile.

Katikati kulikuwa na hotuba. Mgeni rasmi mmoja, ambaye simtaji, alichelewa saa mbili, akasema itifaki izingatiwe, kisha akazungumzia miradi ya maendeleo mpaka wazee wakaanza kuhesabu tasbihi kwa haraka. Shangazi, nilivyohadithiwa asubuhi, aliuliza kwa sauti kama bwana yule anataka pilau au anataka kura.

Na kuna kijana wa nyumba ile ambaye hakufika uwanjani kabisa. Amesoma kwa masheikh wanaosema maulidi ni uzushi, jambo ambalo Mtume mwenyewe hakulifanya, na huo ni mjadala mzito unaogawa misikiti ya mwambao wote. Hakuficha msimamo wake na hakuna aliyemfukuza. Lakini ndiye aliyechinja mbuzi alasiri, ndiye aliyesomba maji, na usiku alibaki kulinda nyumba ili wengine waende. Nilimuuliza kama haoni mgongano. "Maulidi ni yao," alisema. "Wageni ni wangu." Sijasikia hoja bora kuliko hiyo kutoka upande wowote wa mjadala ule.

Asubuhi kulikuwa na mkate wa kumimina, maharage ya nazi na chai ya tangawizi, kisha dua makaburini. Waliotoka Mbagala waliwaonyesha watoto wao alipolala babu. Mmoja alipiga picha ya kaburi akaituma Muscat, na jibu lilirudi kabla hatujafika barabarani: mstari wa mwakani uandikwe mbuzi wawili.

Anayetaka kwenda asitafute tarehe kwenye tangazo. Mfungo Sita hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka wa kizungu, na usiku wa kila mtaa hupangwa na wazee wa mtaa huo. Piga simu kwa mtu wa Bagamoyo. Kila mkazi wa Dar ana mmoja, hata kama hajui. Nyumba za wageni ziache kwa watalii, lala mkekani. Na mchele ufike kabla ya adhuhuri, maana sufuria zikishapandishwa, mchango wako utaandikwa kwenye ukurasa wa mwaka ujao na mwaka huu utahesabiwa kuwa ulikuja na tumbo.